Chumba masta Ligula, Mtwara: kwa mshahara wa mtu wa eksirei kinalipa au hakilipi?

Naandika hii kwa ajili ya wenzangu wa mionzi ambao barua ya kupangiwa kituo imesema Mtwara na sasa hivi wanaulizia kila kona vyumba ni bei gani na mshahara utatosha au utaishia njiani. Mi nipo huku, nimepanga chumba masta Ligula, karibu na hospitali ya mkoa, na nasema mapema kabisa kwamba hiki chumba kinalipa, tena kwa kazi yetu hii kinalipa kuliko vyumba vya bei chee huko pembeni ya mji ambavyo wengi wanavikimbilia wakishuka tu kwenye basi.

Chumba chenyewe ni masta, kina choo na bafu ndani, kasehemu kadogo ka kupikia ambako jiko la gesi na ndoo mbili zinatosha, sakafu ina marumaru, juu wameweka jipsamu, dirisha lina nyavu. Nyumba ina wapangaji wanne na mama mwenye nyumba anakaa upande wa mbele. Kodi ni elfu 80 kwa mwezi na analipwa miezi sita kwa mkupuo. Hapo kwenye mkupuo ndo pa kupaangalia vizuri, maana 80 ukizidisha mara sita ni laki nne na elfu 80, na hiyo kwa wengi wetu ni mshahara mzima wa mwezi, yani kila kitu.

Ngoja nipige hesabu ya mshahara kwanza ili tuelewane. Serikalini mwenye stashahada ya mionzi anaanzia TGHS B, ngazi ya mishahara ya watumishi wa afya. Sasa chukua mfano tu wa mshahara wa laki saba, hesabu yake ni rahisi kufuata. PSSSF, mfuko wetu wa pensheni, wanachukua asilimia 5, ni elfu 35. Kodi ya mapato inapigwa kwenye kile kilichobaki baada ya PSSSF, kwaiyo kwenye 665,000 inatoka 49,000. Bima ya afya asilimia 3, elfu 21. Chama cha wafanyakazi ukiwa mwanachama asilimia 2, elfu 14. Afu kama ulisoma kwa mkopo, bodi ya mikopo wanakata asilimia 15 ya mshahara wote kabla ya makato, hiyo ni 105,000 moja kwa moja. Jumlisha yote ni 224,000. Kinachoingia mkononi ni 476,000. Mtu nyumbani anasikia mwanetu analipwa laki saba, anapanga mipango yake, kumbe wewe unaishi na laki nne na nusu na ushee. Asiye na mkopo wa bodi anapumua, ana laki moja zaidi ya mwenzie wanaokaa dawati moja na wanapiga picha zilezile.

Kwa walioko binafsi ni makubaliano, wengine wanalipwa mshahara na wengine kwa idadi ya vipimo, kwaiyo hapo kila mtu na mkataba wake, ila makato ya kodi yanatumia viwango vilevile.

Sasa kwenye hiyo 476,000 ndo nakuja kwenye chumba. Kuna mwenzangu alipata chumba cha elfu 45 mbali na mji, chumba kizuri tu, kina nafasi kuliko changu. Lakini anapanda bajaji buku kwenda na buku kurudi, siku 22 za kazi ni elfu 44. Hapo tayari yuko 89,000 kwa mwezi, kanipita mimi ambaye natembea kwa miguu. Na hatujagusa usiku. Kazi yetu ina onkoli, unaitwa muda wowote, ajali ya bodaboda imeletwa saa nane usiku mgonjwa kaumia kichwa, daktari anataka picha sasa hivi, na saa hizo hakuna bajaji ya buku, kuna bodaboda ya elfu tatu mpaka nne kwenda peke yake, kurudi tena hivohivo, na kwa dada kama mimi bei sio shida kubwa kuliko kupanda pikipiki ya mtu usiyemjua kwenye giza. Kwaiyo ukiona kodi ya elfu 45 usishangilie kabla hujaongeza nauli.

Afu kuna luku, umeme wa kulipia kabla, na hapa nataka watu wanisikilize vizuri sana sababu hakuna dalali atakayekwambia. Mtumiaji wa nyumbani ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi anauziwa uniti moja shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, ukijumlisha zote inafika kama 122. Ukitoka kwenye hilo kundi uniti inakuwa 292, na kodi na tozo zake inafika kama 356. Sasa nyumba yenye wapangaji watano mita moja haiwezi kubaki chini ya 75, haiwezekani, kwaiyo wote mnanunua umeme wa 356 hata wewe ambaye una feni na taa moja tu. Mimi hapa nina mita yangu. Natumia feni, kafriji kadogo, taa, pasi na kuchaji simu, nikijitahidi nacheza kwenye uniti 60, hiyo ni kama 7,300 kwa mwezi. Uniti 60 hizohizo kwenye mita ya kuchangia ni zaidi ya elfu 21. Tofauti ni elfu 14 kila mwezi, na bado hujaingia kwenye zile kelele za nani ana friji, nani anapikia umeme, nani hajachanga wiki hii. Kwangu mita ya peke yako ni sharti la kwanza kabla hata sijaangalia choo.

Kitu kingine kizuri kwa huyu mama, ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye luku, 1,500 kwa mwezi, imeangukia kwenye mita yangu. Hiyo kisheria ni ya mwenye nyumba sio ya mpangaji. Wenye nyumba wengi wanakaa kimya. Huyu mwenyewe ndo aliyeniambia, mwanangu hiyo usiilipe wewe, na kila nikilipa miezi sita anapunguza elfu 9. Nimempenda sana kwa hilo, sio kwa ukubwa wa hela, ni kwa kuwa alisema bila kuulizwa.

Na geti. Nyumba nyingi za kupanga geti linafungwa saa nne au saa tano na funguo anakaa nazo mwenye nyumba, na ndivyo inavotakiwa kwa usalama, silaumu. Ila mtu wa onkoli unaishije hapo? Simu imeita, unaenda kugonga dirisha la mzee wa watu aliyelala, mara ya kwanza atakufungulia kwa upole, mara ya tano atakununia, mwezi wa pili anakwambia tafuta sehemu nyingine. Mimi kabla ya kutoa hela nilimwambia kabisa, mama shikamoo tena, naomba nikueleze kazi yangu, mimi nafanya kwenye mionzi na kuna siku nitatoka usiku wa manane. Akafikiria kidogo akasema nitakuchongesha funguo yako ila ukipoteza kitasa kipya unanunua wewe. Makubaliano safi. Tangu hapo natoka na kuingia bila kumuamsha mtu.

Ila hapohapo akaniuliza swali ambalo nimeulizwa na watu wengi huku na huko, hiyo mionzi mwanangu huji nayo nyumbani? Ana wajukuu wawili wanacheza uani siku nzima, alikuwa na haki ya kuuliza na wala hakuuliza kwa ubaya. Nikamweleza kwamba mashine ya eksirei ni ya umeme, mionzi inatoka pale tu nikibonyeza, ikikatika imekatika, haibaki kwenye nguo wala kwenye nywele wala kwenye mikono, mgonjwa akitoka chumbani hana kitu na mimi nikitoka sina kitu. Nikamuonyesha na ile beji ninayovaa kifuani ya kupima dozi, nikamwambia hii inapelekwa kusomwa na watu wa Tume ya Nguvu za Atomiki, ni kwa ajili yangu mimi ninayekaa nayo kazini, sio kwa ajili ya majirani. Akaelewa. Wajukuu sasa hivi ndo wanaonipokea mfuko nikitoka sokoni. Nawasihi wenzangu, mkiulizwa hili swali msicheke wala msikasirike, elezeni taratibu, maana mtu anaweza kukunyima chumba kwa woga tu na ukimwelewesha anakuwa ndugu.

Upande wa pili wa hilo ni kwamba wakishajua kazi yako, picha zinakuja mlangoni. Jumapili umekaa unafua, jirani anakuja na bahasha, dada dokta hebu niangalizie hapa mguu wa mama umepona? Mi huwa nawaambia kwa heshima kwamba kazi yangu ni kupiga picha iwe nzuri, kuisoma na kuandika majibu ni ya daktari wa radiolojia, nikianza kusoma mlangoni naweza kukupotosha. Wengine wanaelewa, wengine wanaona unawanyima. Sio kasoro ya nyumba hiyo, ila ukikaa karibu na hospitali ijue ipo.

Kasoro za nyumba sasa. Ya kwanza maji. Hayatoki kila siku, na simtanki lililopo ni moja kwa watu wote, kwaiyo siku ya tatu bila maji linakuwa limekauka na tunanunua madumu. Nimeshaliongea, mama anasema ataongeza tanki jingine, nasubiri. Ukija kuangalia nyumba yoyote huku uliza tanki ni la lita ngapi na wapangaji wangapi, usiulize tu kama maji yapo, sababu kila mtu atakujibu yapo.

Ya pili chumvi. Tuko karibu na bahari, upepo wa huku unakula chuma vibaya sana. Kitasa kinakuwa kigumu, nondo za dirisha zina kutu, miguu ya jiko, hata pasi. Wakati wa mvua bati lilivuja kona moja, fundi akaja akaweka kiraka, limetulia, ila doa kwenye jipsamu lipo mpaka leo. Mwenye vifaa vya umeme vya bei nunua vifuniko, usiviache wazi dirishani.

Joto nalo ni la kweli, hasa kuanzia Novemba mpaka Machi. Ukitoka shifti ya usiku ukataka kulala mchana chumba kinachemka, feni linazungusha tu hewa ya moto. Chumba changu dirisha linaangalia upande wa upepo, ndo pona yangu, na chumba cha jirani ambacho dirisha linatazamana na ukuta, bei ileile ya elfu 80, mi nisingekichukua hata kwa 60. Mtu wa shifti anahitaji kulala mchana, kwaiyo nenda kakague saa nane mchana, usiende jioni kumepoa ukadanganyika. Na sikiliza kama kuna sabufa jirani.

Chakula Mtwara ni nafuu kama unajua pa kwenda na kama unakula cha huku. Samaki nanunua feri asubuhi, fungu la vibua la elfu tatu au nne mimi na kafriji kangu nakula siku tatu. Nazi zipo, muhogo upo, na msimu wa ming'oko, mizizi ya porini kama viazi, ukifika wanauza mitaani imechemshwa, unakula na chumvi na pilipili, tena mtu wa bara akishazoea hataki kuondoka. Mchana kazini nakula kwa mama ntilie, wali samaki au ugali samaki 2,500, mchuzi wa nazi wa ukweli sio rangi. Vinavyopasua mfuko ni vile vinavyotoka mbali, nyanya, vitunguu, viazi mviringo, kabichi. Hivyo vinategemea barabara, na barabara ya kwenda Dar ikipata shida huku tunajua siku hiyohiyo. Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya maji yalikata barabara pale Somanga, kusini tukawa tumefungiwa. Tangu hapo vitunguu na unga naweka akiba kila masika ikikaribia.

Kwa hesabu zangu mimi mtu mmoja, chakula chote pamoja na mchana wa mama ntilie ni kama laki na 80 mpaka laki mbili, gesi mtungi mdogo unanisukuma mwezi na wiki kadhaa, bando elfu 20, maji na taka hazifiki elfu 10. Ukitoa kodi na luku unabaki na kama laki na nusu kabla ya nyumbani. Na nyumbani ndo kuna ukweli wote, sababu hakuna mtu wa afya mwenye ajira ambaye hana mdogo wake anayesubiri ada. Mimi natuma, na bado naweza kuweka kidogo kidogo kwa ajili ya ile kodi ya miezi sita, naigawanya kila mwezi naweka pembeni elfu 80 kama vile nalipa kila mwezi, vinginevyo ikifika mwezi wa sita unakimbilia mkopo wa riba.

Ukilinganisha na wenzetu walioko Dar wenye ngazi ileile ya mshahara na makato yaleyale, wao wanaamka saa kumi usiku kuvuka foleni kutoka Mbagala au Gongo la Mboto. Kitu Dar wanachotuzidi ni kazi za pembeni, vituo vya vipimo vya binafsi ni vingi, mtu akitoka shifti anaongeza kipato. Huku vipo vichache, kwaiyo usije na hesabu ya kuishi kwa kazi ya pembeni. Ila kuna kitu kimoja cha kufurahia, ile Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo imeleta mashine ambazo zamani mgonjwa wa huku alisafirishwa Dar kuzifuata, na kwa mtu wa mionzi kijana hiyo ni shule, unagusa siti skani mapema badala ya kukaa na eksirei peke yake miaka yote. Ukipangiwa Mitengo lakini hiki chumba changu hakikufai, ni mbali, tafuta hukohuko, hesabu ya nauli ni ileile niliyosema.

Shangani usijisumbue kwanza kwa mshahara wa kuanzia. Kuna nyumba nzuri sana, wenyeji wanasimulia enzi za gesi, miaka ya 2012 na 2013, kampuni zilivyokuja na kodi zikaruka, na baadhi ya wenye nyumba bado wana bei za kipindi kile kichwani. Chikongola, Majengo na Magomeni unapata vyumba vya elfu 40 mpaka 60 na viko mjini kabisa, shida yake vingi choo ni cha kuchangia na mita moja, ila ukibahatisha chenye mita yake usikiache.

Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, na wengine wanataka hela ya kukuonyesha kabla hata hujaona mlango. Mimi hiki nilikipata kwa kuuliza watu wa kazini, sikulipa dalali, na hiyo elfu 80 niliyookoa ndo ilinunua godoro. Mgeni akishafika aulize manesi, wao wanajua nyumba zote, nani anahama, mwenye nyumba gani ni mkorofi, nani anarudisha hela ukihamishwa katikati ya mkataba. Hilo la kurudishiwa liandikwe kabisa kwenye karatasi, sisi watumishi uhamisho unakuja wakati wowote na kodi ya miezi sita ikishaliwa huipati kwa maneno.

Kuhusu hiyo miezi sita, wengi wanaopata ajira mpya wanategemea fedha ya kujikimu, ile hela ya kuanzia maisha anayotoa mwajiri, na ikichelewa unafika na begi huna pa kuanzia. Omba miezi mitatu. Lakini chagua muda wa kuomba. Kuanzia Oktoba minada ya korosho ikianza hela inamwagika mjini, wafanyabiashara na vibarua wanakuja, vyumba vinagombaniwa na hakuna mwenye nyumba atakayekusikiliza habari ya miezi mitatu. Machi mpaka Mei vyumba vinakaa wazi, mvua inanyesha, hapo wanashuka wenyewe, jirani yangu mwingine aliingia Aprili kwa miezi mitatu na kodi elfu 70, chumba kinafanana na changu kila kitu isipokuwa dirisha.